Gauni la Kifalme, Malipo ya Asante

Ukitaka kujua idadi kamili ya ndugu zako, nunua cherehani. Simu za kukujulia hali zinaweza kukatika msimu mzima, lakini siku pedali ikianza kulia barazani, ukoo wote unaikumbuka njia ya kuja kwangu Magamba. Mmoja kaleta suruali iliyofumuka, mwingine zipu iliyogoma, wa tatu kitenge cha kikoba ambacho lazima kiwe sare kabla ya Jumamosi. Wanaanza na shikamoo ndefu, wanaulizia hali mpaka ya kuku, halafu wanatua penyewe: "Ni kidogo tu, Bibi."

Kidogo tu ya safari hii ilikuja na picha.

Nina binti Lushoto mjini, na binti huyo ana mtoto wa kike aliye chekechea katika shule moja ya binafsi. Jina la shule nalihifadhi, maana mtoto bado anasoma pale na mimi bado nataka kuruhusiwa kuingia getini. Tangazo lilipita kwenye kundi la wazazi la WhatsApp: mahafali ya chekechea yatakuwa na gwaride la wahusika wa hadithi, na kila mtoto aje amevaa vazi la mhusika wake.

Kabla sijafika kwenye vazi, niacheni kwanza niyalalamikie mahafali yenyewe. Sisi tulimaliza darasa la saba, tukaimba wimbo mmoja, tukarudi nyumbani kukata majani ya ng'ombe. Leo mtoto anayehesabu mpaka ishirini, tena kwa kuruka kumi na saba, anavalishwa joho na kofia ya pembe nne. Hapa Lushoto tuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Watu wazima wanakuja kusoma sheria pale mpaka macho yanawauma, ndipo wanapewa joho. Huyu wangu kalipata kwa kutambua herufi. Na joho lenyewe halikutosha, sasa na gauni linatakiwa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, nimekutumia picha, umeiona?"

"Nimeiona. Ni nani huyu, mbona hana kiuno?"

"Ni Cinderella, Mama. Mwalimu anasema liwe gauni la kizamani, lile la kifalme hasa. Lakini amesema tusiingie gharama, tutumie vitu vya mtumba. Kwa hiyo ni mtumba tu, Mama. Wewe unageuzageuza hapa na pale, basi."

Unageuzageuza hapa na pale! Mtoto niliyemzaa mwenyewe, akalala chini ya meza ya cherehani hii, akachezea vifungo vyangu vyote mpaka akameza kimoja, ndiye anayeniambia nageuzageuza.

Kwanza hiyo kizamani, ni zamani ipi? Mimi zamani ninazo nyingi. Iko zamani ya Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU walipotangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969, sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vingekuwa marufuku Dar es Salaam. Zamani hiyo urefu wa gauni ulikuwa jambo la chama. Kisha iko zamani ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulipopanga foleni kwenye duka la kaya kwa ajili ya sabuni na khanga, na aliyechoka kusimama aliweka jiwe limshikie nafasi. Ukitaka nimvalishe mjukuu wangu zamani hiyo, kazi ni nyepesi: nampa katambuga za tairi miguuni na jiwe la foleni mkononi, na kila mtu mwenye umri wangu atamtambua toka mbali. Lakini binti yangu akasema hapana Mama, zamani ya Ulaya.

Ana hoja zake. Akanikumbusha kwamba Wajerumani waliuita mji wetu Wilhelmsthal kwa jina la mfalme wao, kwa hiyo binti wa mfalme wa Kizungu si mgeni Lushoto. Nikamjibu kwamba Wajerumani hao walitimuliwa mwaka 1916, na hawakuniachia kitambaa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu, kwa hiyo hadithi naijua. Mfaransa Charles Perrault aliichapisha mwaka 1697, na ndiye aliyemvisha yule binti kiatu cha kioo na kumpandisha gari lililotokana na boga. Ndugu wawili Grimm, Wajerumani, wakatoa ya kwao mwaka 1812. Humo boga halimo, na gauni linatoka kwenye mti ulioota juu ya kaburi la mama yake. Zisome zote mbili kwa makini. Hakuna mahali anapotajwa fundi! Hakuna anayepima, hakuna anayekata, hakuna anayejichoma sindano kidoleni. Gauni linatokea tu. Hawa mabwana ndio waliowafundisha binti zetu kwamba nguo ya kifalme inatokea tu, mradi kuna mwanamke mzee mahali fulani.

Afadhali filamu ya Walt Disney ya mwaka 1950. Humo angalau wako panya na ndege wanaoshona, tena wanashona kwa mtumba: gauni kuukuu la marehemu mama, na mkanda na shanga ambavyo wale dada wa kambo wamevitupa. Basi msione ajabu, nguo ya Cinderella ilikuwa ya mtumba toka huko kwao. Nilitazama mpaka mwisho nione panya wale wanalipwa nini. Sikuona.

Nikashuka gulioni. Siku ya gulio Lushoto inabidi ufike mapema, kabla kabichi, karoti na mapeasi hayajapakiwa kwenye magari ya Tanga na Dar es Salaam, maana baada ya hapo pa kukanyaga hapapatikani. Wauza mitumba wanatandaza maturubai upande wao, vijana wenye sauti za kuamsha mlima wa pili. "Chagua, chagua! Belo jipya, Mama, limefunguliwa leo!" Belo lina kilo 45, na kila asubuhi ni jipya, na kila asubuhi lina lile koti la kijani ambalo nimekuwa nikikutana nalo toka mwaka juzi.

Vijana hawa hawajui nguo hizi zilivyopigiwa kelele. Wakati wa foleni, mtumba ulivaliwa kwa kujificha. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, na Ali Hassan Mwinyi akaingia Ikulu mwaka 1985 na kupewa jina la Mzee Ruksa, mitumba ikapanda milima na kufika mpaka Mlalo na Mtae. Kisha mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki wakakubaliana iondoke sokoni ndani ya miaka mitatu, ili viwanda vyetu vipumue. Wengine wakalegea. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo kule bila ushuru. Nchi nzima imeadhibiwa kwa kukataa suruali kuukuu! Mimi siko upande wowote. Nasema tu kwamba nguo inayoweza kugombanisha serikali haiwezi kuwa "mtumba tu".

Nikalipata shela la harusi. Lilikuwa jeupe, la satini, la bibi harusi wa Ulaya mwenye kimo cha mlingoti. Nikalishika upande kwa uzembe, ili muuzaji asijue nalitaka. Akajua.

"Hilo elfu thelathini, Mama. Ni la harusi hilo."

"Harusi imeshakwisha, mwanangu. Ndiyo maana liko hapa chini."

Tukavutana mpaka kumi na mbili. Wakati huo wanawake wa sokoni walishakusanyika, na mmoja akaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye viazi, "Bibi, hongera, mahari yameshaletwa?" Nikamwambia yakiletwa atapata mwaliko.

Kisha nikapata pazia la mahameli, rangi ya damu ya mzee, zito, zuri. Lilikuwa moja tu. Mapazia huja mawili mawili, kila mtu anajua, lakini kijana akaapa kwamba mwenzake kachukuliwa na mama mmoja dakika chache kabla yangu. Nikaongeza pazia la neti la dirishani kwa ajili ya lesi yake, na koti la kiume kwa ajili ya vifungo vya shaba. Hesabu nzima haikufika elfu thelathini. Binti yangu alipoisikia akapiga kigelegele kwenye simu: "Unaona Mama, gauni zima kwa bei ya kuku wawili!"

Gauni zima liko wapi? Nilichokuwa nacho ni nguo za watu wengine.

Kwa wale ambao hawajawahi kushona kwa mtumba, ngoja niwaeleze. Kitambaa kipya kinakuja kimenyooka, unakitandaza, unapiga chaki, unakata. Mtumba unakuja na historia yake, na kazi ya kwanza ni kuifuta. Unakaa na wembe unafumua. Shela lile lilikuwa na matabaka matatu ya bitana, vijiti vya plastiki kifuani, na mgongoni mstari mrefu wa vifungo vidogo vilivyofunikwa kwa satini, kila kimoja na kitanzi chake. Nilivifungua vyote kwa subira, cha kwanza mpaka cha mwisho, ndipo nikagundua kwamba ni vya urembo. Chini yake kulikuwa na zipu. Bibi harusi alivaa na kuvua kwa zipu, vifungo aliviweka kwa ajili ya kunitesa mimi.

Kibandiko cha ndani kilisema lisifuliwe kwa maji. Sawa. Pindo lote limeganda udongo na majani, inaonekana harusi ilifanyikia bustanini, na kifuani pana doa la mvinyo. Dobi wetu huku ni beseni, kwa hiyo liliingia majini na likatoka salama. Kibandiko kilikuwa kinatishia tu.

Mahameli nayo ina mambo yake. Ina manyoya yanayolala upande mmoja, na vipande vyote lazima vikatwe vikielekea upande huohuo. Ukikosea, kifua kinakuwa chekundu na sketi inakuwa ya zambarau, na nguo ni moja. Tena hili lilikuwa pazia, limening'inia dirishani miaka, na jua la Ulaya, lile tunaloambiwa kwamba huko halipo, limelichoma michirizi kila mahali ambapo mkunjo ulitazama nje. Ikabidi nizunguke michirizi nikitafuta vipande vizima. Satini inataka sindano namba 11, la sivyo inavutika nyuzi. Mahameli juu ya bitana inataka namba 16, la sivyo sindano inakatika na kukurukia usoni. Kwa hiyo nabadilisha sindano, nabadilisha uzi, nalegeza, nakaza, na simu inaita: "Mama, bado tu? Si ni kugeuza tu?"

Tukaja kwenye duara. Gauni la kwenye picha lilikuwa limesimama lenyewe, limeumuka pande zote, mguu hauonekani. Jambo hilo halifanywi na kitambaa peke yake. Mwaka 1856 huko Paris ilitolewa hataza ya sketi ya ndani yenye pete za chuma chembamba, na wanawake wa Ulaya wakaivaa kwa wazimu. Walikwama milangoni, na waliopita karibu na moto waliungua, maana sketi ilifika kwenye makaa kabla ya mwenyewe. Mapema mwaka 1857, wanawake wa London wakihangaika na pete hizo, Waingereza wenzao, wasafiri Burton na Speke, walikuwa wanahema kwenye milima yetu hii kwenda Vuga kumwona mfalme wetu, Simba Mwene Kimweri ye Nyumbai. Nina hakika hakuna aliyewaza kwamba pete zile nazo zitapanda siku moja.

Chuma cha namna hiyo sina. Lakini mdogo wangu analima kabichi bondeni, na ana bomba jeusi la plastiki la kumwagilia, jembamba, linalopindika vizuri. Mvua za vuli zilishaanza, bomba limelala tu ghalani. Nikakata pete tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Zikakaa ndani ya sketi ya neti, zikashikwa na tepe, na gauni likasimama peke yake katikati ya chumba bila mtu ndani. Paka alihama nyumba. Mdogo wangu aligundua baadaye, na mpaka leo ananiita mwizi wa maji mbele ya wageni.

Pasi yangu ni ya mkaa. Nilimwambia mjukuu wangu wa kiume, yule wa sekondari, aniwekee makaa kidogo, ya satini. Vijana wa sasa wanajua joto la kompyuta, la pasi hawalijui. Alijaza mpaka kifuniko hakifungi, kisha akaijaribu, kwa hisani yake, kwenye lesi ya poliesta. Lesi haikuungua. Iliyeyuka, ikabaki imeng'ang'ania tumbo la pasi, ikinuka bomba la mdogo wangu. Nikarudi tena kwenye pazia la neti kutafuta kipande kingine, yeye akarudi kwenye simu yake. Hakuna aliyenipa pole isipokuwa paka, na paka mwenyewe alikuwa dirishani upande wa nje.

Vipimo navyo! Binti yangu alinitumia vipimo kwa ujumbe: "Ana miaka sita." Hiyo si futi, ni tarehe ya kuzaliwa. Nikadai mtoto aletwe. Akaletwa Jumapili, akasimama juu ya kigoda, na kwa kuwa mtoto wa umri ule hatulii bila hadithi, akaniuliza, "Bibi, Cinderella alikuwa anakaa Lushoto?"

Nikamwambia huyo hakukaa hapa. Aliyekaa hapa ni Mbegha.

Nikamsimulia kadiri tulivyosimuliwa sisi, na jinsi Abdallah bin Hemedi alivyoiandika kwa Kiswahili safi katika Habari za Wakilindi, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mbegha alikuwa mwindaji wa Nguu, ametoka Kilindi. Meno yake ya juu yalitangulia kuota, kwa hiyo wakamwita kigego, mwenye mkosi, na wazee walipofariki ndugu zake wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake na mikuki yake, akaishi porini akiwinda nguruwe. Akapanda Usambara, na huku watu walikuwa wanalia, nguruwe mwitu wanamaliza mashamba. Mbegha akawaua nguruwe, nyama akawagawia watu, na watu nao wakampa chakula cha shambani na nyumba ya kulala. Walipokuwa wanakwenda naye Vuga, akaua simba njiani. Wakamtawaza, wakamwita Simba Mwene, na ukoo wake wa Kilindi ukatawala milima hii vizazi na vizazi.

Sasa nipimieni wenyewe. Yuko yatima aliyeonewa na ndugu zake. Iko safari, liko jumba la kifalme mwisho wa safari. Kipi kimepungua? Boga? Maboga tunayo, na majani yake tunayapika. Kilichozidi kwa Mbegha ni kimoja, na hicho ndicho nilichotaka kila mzazi wa shule ile akisikie: katika hadithi ya Usambara, mtu akifanya kazi analipwa. Kaleta nyama, kapewa chakula. Kaua nguruwe, kapewa nchi. Hakuna mzee wa Bumbuli wala wa Vuga aliyemwambia, "Asante Mbegha, ni nguruwe tu."

Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, ametulia kabisa, nikapata kiuno, kifua, bega na urefu wote. Kisha akanitazama akasema, "Bibi, mimi nataka kuwa nguruwe."

Mama yake akaja juu. Nguruwe gani, na vitambaa vimeshanunuliwa, na picha imeshapelekwa kwa mwalimu! Mimi niliona mtoto ana akili. Vazi la nguruwe ningelimaliza jioni moja kwa gunia na mkia wa kamba. Lakini wakubwa walishaamua, na mtoto akaambiwa atakuwa Cinderella, akitaka asitake. Mambo ya kifalme ndivyo yalivyo.

Kuhusu mabega hatukuelewana kabisa. Kwenye picha binti yule yuko mabega wazi. Mimi naishi Magamba, mahali ambapo ukungu unaingia ndani na kukaa kwenye kiti. Novemba, mvua inanyesha, mtoto wa miaka sita mabega wazi? Nikaweka mikono mirefu, juu ya mikono mirefu nikaweka sweta, na binti yangu akasema nimeharibu hadithi. Nikamwambia akipata mafua, hadithi hiyo haitamnunulia dawa.

Siku yenyewe niliiona ndefu. Mtoto alilala kwangu, na asubuhi magari ya abiria ya Noah yalipita yamejaa. Ikabidi tushuke kwa bodaboda. Kijana wa bodaboda aligeuza shingo kulitazama gauni lile lenye pete tatu za bomba, akauliza kama nalo litalipa nauli. Tuliketi, mimi nyuma, mtoto katikati, sketi pande zote. Pale penye kona ya upepo gauni likapinduka kama mwavuli, likamfunika dereva uso, na tukashuka mita kadhaa kwa imani. Viatu vya kioo hatukuvaa. Mtoto alifika shuleni na buti za mvua, na matope ya Magamba yalizipamba vizuri kuliko shanga zangu.

Kisha hotuba. Mgeni rasmi aliwaasa watoto wa chekechea wajiepushe na dawa za kulevya na wajiandae kwa soko la ajira. Mwakilishi wa wazazi akasoma risala. Kwaya ikaimba. Gwaride la wahusika wa hadithi, lililonifanya nikeshe, lilipita haraka kuliko chai. Na Cinderella walikuwa wengi. Karibu kila mtoto wa kike alikuwa Cinderella, kasoro mmoja aliyekuja akiwa nyuki. Safu ya pili nikamwona mtoto wa mahameli, rangi ya damu ya mzee, na michirizi ya jua hajaikwepa hata mmoja. Nikageuka nyuma, nikamwona bibi yake. Naye alikuwa ananitazama. Alikuwa na macho mekundu na plasta kwenye vidole. Tulipeana mkono kwa heshima bila kusema neno, mapazia yetu yakipita mbele.

Baada ya hapo binti yangu akanikumbatia: "Asante sana Mama, Mungu akuzidishie." Amina. Mwalimu akasema asante Bibi. Mkuu wa shule akasema asante kwa mchango wako. Na kabla sijapata hata soda, wakaja akina mama wengine wameshika simu, kila mmoja na picha yake. Krismasi inakuja, harusi ya wifi inakuja, kipaimara kinakuja. "Bibi, tumeona kazi yako. Na sisi tushonee. Ni mtumba tu."

Kwa hiyo naandika hapa, mradi nisiulizwe tena barazani.

Kwa walimu: mkitaka gwaride la hadithi, semeni mapema, toka muhula wa kwanza, si vuli ikishaanza. Na ingizeni Mbegha kwenye orodha. Watoto wa Lushoto wana haki ya kujua kwamba hadithi ya mfalme imetokea kwao, na nguruwe, mbwa na simba wanatosha darasa zima bila kugombea pazia.

Kwa akina mama: kitambaa cha mtumba ni rahisi kwa sababu kazi yake bado haijafanywa. Ulichookoa gulioni mtu mwingine anakilipa kwa macho yake. Kufumua ni kazi, kufua ni kazi, kukata kwa kukwepa doa la mvinyo wa harusi ya mtu usiyemjua ni kazi kubwa kuliko kukata jora jipya. Fundi akikutajia bei, usimwambie ni kidogo tu. Ingekuwa ni kidogo tu, ungeshona mwenyewe.

Na bei zangu ni hizi. Kufumua, elfu tano. Kushona gauni la mtoto, elfu ishirini. Lenye duara, elfu thelathini, na bomba uje nalo. Mtoto aletwe apimwe, umri wake sitaki kuujua. Nusu ya fedha inatangulia, nusu nyingine siku ya kuchukua, ndugu na wasio ndugu. Asante mtaniambia mkishalipa.